Redio ya gari ipimwe kwanza, soketi isikatwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme jambo ambalo kwa wengine litaonekana dogo, lakini kwa sisi tunaoendesha magari ya mtumba yenye umri wa miaka 15 au 20 linatutoa fedha nyingi bila sababu. Nazungumzia mfumo wa sauti uliokuja na gari kutoka kiwandani, hasa ule wa daraja la juu wenye amplifaya (kifaa cha kukuza nguvu ya sauti) yake ya pembeni, na desturi iliyoota mizizi kwa baadhi ya mafundi wetu ya kuung'oa mara tu sauti inapokatika, bila kupima hata fyuzi. Ninachodai ni kwamba mfumo huo upimwe kwanza, na ikilazimu kubadilisha redio, soketi za kiwandani zisikatwe.

Gari langu ni stesheni wagoni ya Kijapani iliyotengenezwa mwaka 2005. Kampuni siitaji, kwa kuwa sina ugomvi na waliolitengeneza. Kitu chochote cha umeme kikikaa miaka 20 kwenye joto na unyevu wa pwani kina haki ya kuugua. Nakiri kwamba siku nilipokwenda kulijaribu, kilichonivutia haikuwa injini. Muuzaji aliweka diski ya taarabu, na pale nilipokaa nikasikia fidla upande wa kulia, ganuni upande wa kushoto, na mwimbaji katikati ya dashibodi kana kwamba amekalia boneti. Mimi ni mwalimu wa fizikia, nasafiri mara kwa mara kati ya Tanga na Dar es Salaam, kilomita zipatazo 350 kwa njia ya Segera na Chalinze, na kwa safari kama hiyo muziki mzuri ni sehemu ya usafiri wenyewe.

Masika ya mwaka juzi, mpira wa mlango wa abiria ulikuwa umechakaa, maji ya mvua yakapita chini ya kapeti na kukaa huko siku kadhaa kabla sijayagundua kwa harufu. Baada ya wiki mbili spika za nyuma zilianza kukwaruza. Kisha zikanyamaza. Mwisho gari zima likawa kimya, ingawa redio yenyewe iliwaka vizuri, ikameza diski na kuhesabu sekunde za wimbo mmoja baada ya mwingine. Msomaji aliyewahi kushika mita ameshaona kwamba ugonjwa haukuwa kwenye redio, kwa sababu redio inayosoma diski na kuhesabu nyimbo ina dalili zote za uhai.

Nilikuwa Dar es Salaam kwa shughuli za kifamilia, nikalipeleka gari kwenye karakana moja ya vifaa vya magari. Kijana aliyenipokea aliwasha swichi, akazungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho, akaweka sikio mlangoni, akasema: "Mama, hii redio imekufa. Hizi za zamani hazitengenezeki. Weka ya skrini, utapata na kamera ya nyuma." Uchunguzi wote huo haukuzidi dakika mbili. Nikakubali, nalibeba kosa hilo mwenyewe, kwa sababu nilikuwa na haraka na kwa sababu neno "imekufa" likitoka kwa fundi lina uzito wa cheti cha daktari. Niliporudi kutoka kula, nilikuta soketi mbili za kiwandani sakafuni, kila moja imebaki na vipande vya nyaya za rangi mbalimbali, virefu kama kidole. Mkasi ulikuwa umeshapita. Niliziokota na kuzitia mkobani, bila kujua kwamba ndizo zitakazoniokoa.

Nililipa shilingi 780,000 kwa redio ya skrini, spika mbili za milango ya mbele na kazi. Nikiwa bado sijafika Kibaha nilijua nimeliwa. Spika mbili tu ndizo zilizokuwa zikilia, nyingine zote zilikuwa zimeachwa ukutani mwa gari kama mapambo, na sauti ilitoka kana kwamba mwimbaji amefungiwa ndani ya debe. Kila nilipokanyaga mafuta kulisikika mlio mwembamba wa mbu uliopanda na kushuka pamoja na injini. Asubuhi ya tatu gari halikuwaka, betri ilikuwa imekauka. Nilirudi kudai vitu vyangu vya zamani. Redio nilipewa baada ya mabishano, lakini spika za milango, niliambiwa, zilikuwa zimeshachukuliwa na mtu wa vyuma chakavu.

Naomba sasa nieleze kosa lenyewe, kwa sababu sidhani kama kijana yule alikuwa na nia mbaya. Katika redio ya kawaida ya gari, amplifaya imo ndani ya redio hiyo hiyo, na nyaya nane hutoka nyuma yake kwenda kwenye spika nne, mbili kwa kila spika. Fundi aliyejifunza kwa redio za aina hiyo hudhani kwamba magari yote yako hivyo. Mfumo wa daraja la juu umejengwa kwa namna nyingine: redio ya kwenye dashibodi hutoa ishara ndogo tu, dhaifu mno kusukuma spika, pamoja na waya mmoja mwembamba wa kuiamsha amplifaya iliyofichwa chini ya kiti au kwenye buti. Amplifaya hiyo ndiyo inayoigawa ishara, ikaipeleka besi kwenye sabufa ya nyuma, sauti nyembamba kwenye twita, na kuirekebisha kulingana na umbo la gari lenyewe. Waliobuni mfumo huu walizingatia kwamba kioo kinarudisha sauti, kiti cha kitambaa kinaimeza, na dereva hakai katikati. Ndiyo maana amplifaya na spika za gari moja hazifanani kitabia na za gari lingine, hata kama zina nembo ileile juu ya wavu.

Nembo hizo si mapambo matupu. Kampuni ya Bose ya Marekani ilianza kuweka mifumo yake kwenye magari ya General Motors, ikiwamo Cadillac Seville, kwa matoleo ya mwaka 1983, na ilikuwa mojawapo ya hatua za kwanza za kulichukua gari kama chumba cha kusikilizia chenye tabia zake. Katika magari mengi ya miaka ya 1980 na 1990 yenye mfumo wa Bose, kila spika ilibeba amplifaya yake mgongoni, ndani ya boksi lake. Lexus ilianza kutumia jina la Mark Levinson, kampuni ya vifaa vya sauti, kwenye LS 430 ya toleo la 2001. Subaru Legacy iliyotoka 2003 ilipatikana na mfumo wenye jina la McIntosh, kampuni iliyoasisiwa Marekani mwaka 1949 ambayo Clarion ya Japani iliinunua mwaka 1990 na kuiuza 2003. Katika matoleo mengi ya Legacy hiyo, redio na vitufe vya kiyoyozi vimeumbwa kwenye paneli moja, kiasi kwamba anayetaka kung'oa redio hana budi kwanza kujibu swali la kiyoyozi kitakaa wapi. Nimeona gari la aina hiyo hapa Tanga ambalo swichi za kiyoyozi zimening'inizwa chini ya dashibodi kwa nailoni za kufungia nyaya.

Hapo linaingia suala la omu, kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme, na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanaweza kulieleza vizuri kuliko baadhi ya wauzaji. Spika nyingi za dukani ni za omu 4. Spika za mifumo ya daraja la juu mara nyingi ni za omu 2, nyingine omu 1, na zipo za chini ya hapo. Amplifaya ikitoa volti 10 kwenye spika ya omu 2, nguvu ni volti mara volti kugawanya kwa omu, yaani wati 50. Ukiitoa spika hiyo ukaweka ya omu 4, kwa volti zilezile unapata wati 25, na marekebisho yote yaliyopangwa kiwandani yanaharibika kwa sababu spika moja sasa inanong'ona mbele ya wenzake. Ukifanya kinyume, yaani ukachukua redio mpya iliyoundwa kwa spika za omu 4 ukaiunganisha moja kwa moja na spika ya zamani ya omu 2, umeme unaopita unakuwa maradufu, chipu ya redio inachemka, na siku moja njiani inajizima au inaungua. Kijana wa karakana alilijua hili nusu. Alijua spika za zamani hazitapatana na redio yake, lakini badala ya kujiuliza kwa nini, alitupa jongoo na mti wake.

Kuhusu wati zinazoandikwa kwenye maboksi, niseme neno moja. Redio yangu mpya iliandikwa "wati 60 mara 4", yaani wati 240. Nyuma yake kulikuwa na fyuzi ya ampea 10. Injini ikiwa inazunguka, gari hutoa takriban volti 14. Zidisha kwa 10, hupati zaidi ya wati 140 zinazoweza kuingia kwa muda mrefu bila fyuzi kukatika, na sehemu kubwa ya hizo hugeuka joto kabla ya kufika kwenye spika. Hizo 240 zilitoka wapi? Mnunuzi asome fyuzi kwanza, boksi baadaye.

Nikarudi Tanga na gari nusu bubu. Mzee mmoja wa Ngamiani, ambaye wajukuu zake wawili nimewafundisha, anatengeneza redio na televisheni tangu enzi za redio za mbao, na ofisi yake ni meza moja chini ya baraza. Aliinama chini ya dashibodi, akamulika tochi, akauliza, "Mwalimu, nani kazikata hizi?" Nikamweleza. Hakusema kitu. Akaondoa kiti cha abiria, akakunja kapeti, na pale chini ikaonekana sahani ya chuma yenye mapezi ya kupoozea, imeota kutu pembeni. Mimi nilikuwa nimelikalia gari hilo miaka minne bila kujua kwamba amplifaya iko pale.

Alivyofanya kazi ndivyo ningependa kila karakana ifanye, kwa hiyo nitaieleza taratibu. Kwanza alitazama fyuzi, nzima. Akaweka ncha za mita kwenye soketi ya amplifaya: volti 12.4 zilikuwa zinafika, na waya wa ardhi ulikuwa umeshika bodi ya gari sawasawa. Kisha akaichomoa soketi ile, akachukua betri ya tochi ya volti 1.5 yenye vipande viwili vya waya, akawa anagusa matundu mawilimawili ya soketi upande wa spika. Kila alipogusa, spika moja ilitoa mlio mdogo, "kwap", na mjukuu wake aliyesimama nje alitaja ni ipi: nyuma kulia, nyuma kushoto, sabufa. Twita moja tu haikuitika. Kwa dakika zisizozidi 15, bila kufungua mlango hata mmoja, alikuwa ameshajua kwamba spika za nyuma na nyaya zake zilikuwa hai. Mita ilisoma omu 1.8 kwenye spika za nyuma. Mita husoma pungufu kidogo ya kilichoandikwa kwenye spika, hivyo hizo ni za omu 2.

Alipofungua amplifaya, harufu ilitutangulia. Ilikuwa harufu ya samaki aliyelala, nami nikadhani ni maji ya kapeti. "Hii ndiyo kapasita inavuja," akasema. Kapasita huhifadhi chaji ya umeme; za aina hiyo zina maji maalumu ndani, na miaka ikipita joto huyakausha au huyafukuza nje. Yakitoka hutambaa juu ya bodi na kuzila njia za shaba. Nne zilikuwa zimevimba vichwa, na miguuni pake kulikuwa na utando wa kahawia. Alizitoa, akasugua bodi kwa spiriti na mswaki wa zamani, akakuta njia mbili zimekatika, akaziunga kwa waya mwembamba kama unywele. Akaweka kapasita mpya za kiasi kilekile, za volti 25 na za kuhimili joto la nyuzi 105, akinieleza kwamba za nyuzi 85 ni rahisi kidogo lakini chini ya kapeti la gari la Tanga hazitamaliza muda. Kazi hiyo ilichukua nusu siku.

Kilichochukua siku mbili ni kuzirudisha zile soketi. Nyaya 22, kila moja ilipaswa kuunganishwa tena na mwenzake, kuchomewa risasi na kuvalishwa mpira unaosinyaa kwa joto, na laiti nisingeziokota soketi sakafuni na vipande vyake vya rangi, mzee angelazimika kuutafuta kila waya kwa mita, mmoja mmoja. Mjukuu alipata mchoro wa nyaya kwenye simu, wakahakiki rangi. Jumla nililipa shilingi 95,000, na katika hizo, kwa hesabu ya mzee mwenyewe, zaidi ya nusu ilikuwa gharama ya mkasi wa Dar es Salaam.

Ule mlio wa mbu na betri kukauka navyo vilieleweka. Redio mpya ilikuwa imefungwa waya wake wa ardhi kwenye skrubu ya dashibodi iliyopakwa rangi, badala ya kushika chuma kitupu, kwa hiyo kelele za altaneta, ile inayochaji betri, ziliingia kwenye muziki. Waya mwekundu, ambao kwa kawaida ya redio hizi unapaswa kupata umeme swichi ikiwashwa tu, ulikuwa umeunganishwa pamoja na wa njano, ambao hupata umeme muda wote. Redio haikuwa ikilala kamwe, hata skrini ilipozimwa.

Sitaki nieleweke vibaya, kana kwamba napinga redio mpya. Zipo sababu za haki za kubadilisha, na ya kwanza ni masafa. Redio za Japani zimetengenezwa kwa FM ya 76 hadi 90, na ingawa tangu mwaka 2014 Wajapani wamekuwa wakiongeza matangazo hadi 95, magari mengi tunayoyapata ni ya kabla ya hapo, wakati hapa kwetu stesheni zimetawanyika kati ya 87.5 na 108. Wengi hufunga kile kisanduku kidogo cha kushusha masafa, kinachokaa kati ya antena na redio. Kinafaa, ila muuzaji haelezi hesabu yake. Kisanduku kinachoshusha kwa 18 kitaisomesha stesheni ya 100 kwenye 82, lakini stesheni ya 90 itaangukia 72, mahali ambapo redio haifiki; na kinachoshusha kwa 12 kitaleta za chini na kuzipoteza zote zilizo juu ya 102. Nafasi yenye upana wa 14 haiwezi kubeba ya 20 na ushee. Kwa hiyo mteja achague kisanduku kulingana na stesheni anazosikiliza, na asishangae kwamba katikati ya Segera na Chalinze, ambako mawimbi ni dhaifu, mikwaruzo itaongezeka kidogo.

Sababu nyingine ni simu na kamera ya nyuma, ambazo mtu wa leo ana haki ya kuzitaka. Hata hapo, tundu la AUX, la kuchomekea kifaa cha nje, likiwepo, kifaa kidogo cha bluututhi chenye bei ya kawaida huleta muziki wa simu kwenye mfumo wa zamani bila kugusa waya wowote. Na kuna redio ambazo hazijafa wala haziumwi, zimejifunga tu: redio nyingi za Kijapani zenye ramani, betri ikitolewa, huomba namba ya siri au kadi ya ramani kabla ya kufanya kazi tena. Fundi asiyesoma Kijapani huona maandishi yasiyoeleweka na kutangaza msiba. Dawa ni kutafuta namba hiyo kwa mtaalamu, na kabla ya hapo, kuiunganisha betri ya akiba wakati ile kuu inabadilishwa.

Kubadilisha kukishaamuliwa, kuna namna ya kufanya hivyo. Redio mpya inunuliwe yenye matundu ya kutolea ishara ndogo, si nyaya za spika peke yake, na iunganishwe na amplifaya ya kiwandani kwa soketi ya kati inayolingana na ya gari, ili ya kiwandani ibaki nzima; soketi hizo za kati zinauzwa kwa magari mengi, na pale zisipopatikana madukani huagizwa. Waya wa bluu wenye mstari mweupe wa redio mpya ndio wa kuiamsha amplifaya. Ukisahauliwa, redio itawaka na gari litakaa kimya, na fundi atasema amplifaya nayo imekufa. Ikiwa amplifaya ya kiwandani kweli imeharibika kiasi cha kutotengenezeka, kwa mfano bodi imeliwa pande zote au chipu ya kuchakata sauti imeungua, basi ni heri kuutoa mfumo mzima, redio, amplifaya na spika zote, na kupitisha nyaya mpya, kuliko kuoza jino moja ukang'oa la pembeni. Anayechanganya nusu ya zamani na nusu mpya bila hesabu ya omu hupata ubaya wa pande zote mbili. Spika zilizoharibika ukingo wa sponji, zile ambazo ukigusa pembeni pake zinamomonyoka kama keki, si lazima zitupwe, kwani ukingo hubadilishwa kwa gundi na mkono mtulivu, na moyo wa spika ukaendelea kuwa uleule wa omu zilezile.

Kwa magari ya Ulaya onyo ni kali zaidi. Kuanzia BMW ya 7 Series ya mwaka 2001, watengenezaji kadhaa waliunganisha redio, amplifaya, simu na kibadilisha diski kwa nyuzi za mwanga zilizozungushwa kama duara, ishara ikipita kwa kila kifaa kabla ya kufika kwa kingine. Kifaa kimoja kikikatika, duara zima hunyamaza, hata kama vingine vyote ni vizima. Mwenye gari la namna hiyo anayeambiwa "kila kitu kimekufa" aombe kwanza vifaa virukwe kimoja kimoja mpaka mkosaji apatikane.

Ninaloomba kwa wenye karakana ni kwamba kabla ya kuuza redio mpya, mteja aandikiwe kwenye risiti kilichopimwa na majibu yake: fyuzi, umeme wa amplifaya, ardhi, spika zenyewe. Haihitaji mashine, inahitaji mita na betri ya tochi. Soketi ya kiwandani isikatwe bila idhini ya mwenye gari, na ikikatwa, apewe mkononi. Kila kilichotolewa ni mali ya mwenye gari mpaka aseme hakitaki, na mtu wa vyuma chakavu hana nafasi katika mazungumzo hayo. Kwa VETA, ambako vijana wengi wanajifunza umeme wa magari, ningeshauri somo la vitendo la siku moja tu kuhusu mifumo yenye amplifaya ya pembeni, kwa kutumia gari bovu lolote. Vijana wetu wana mikono mizuri, wanachokosa ni kuonyeshwa mara ya kwanza.

Kwa sasa gari langu linaimba. Spika ya mlango wa kulia ya omu 2 niliipata mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kutoka kwenye gari lililokatwa kwa ajili ya spea, kwa shilingi 30,000, baada ya kubeba mita mkononi na kupima tisa mbele ya muuzaji aliyechukia mpaka ya mwisho. Twita iliyokufa nimeibadilisha. Spika ya mlango wa kushoto bado ni ile ya omu 4 niliyouziwa na karakana, na mzee wa Ngamiani ameahidi kunitafutia mwenzake wa ile ya kulia. Mpaka hapo itakapopatikana, fidla imerudi mahali pake, na ganuni inasikika kwa mbali.

Mwalimu wa Fizikia,
Tanga